UZI: Nyumba ya mawe kugeuka hoteli ya familia, Mji Mkongwe Unguja: historia yake na ufundi wake

#1 BintiKiponda

Assalaam alaykum wakuu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya hoteli ndogo za familia za Mji Mkongwe, zile za vyumba sita hadi kumi na tano, ambazo mwenye nyumba au mwanawe ndiye anayekaa mapokezi na mama mtu ndiye mwenye neno la mwisho jikoni. Sifa zake zimejaa mitandaoni, lakini historia yake inaandikwa ovyo. Kila moja utaambiwa ilikuwa ya sultani, kila moja ina miaka mia tatu. Kosa hilo lina gharama. Asiyejua nyumba yake ilijengwa kwa kazi gani, akianza kuitengeneza huikata pale ilipobeba na kuijaza pale ilipopumua.

Mfuatano wenyewe ni huu. Sehemu kubwa ya nyumba za mawe tunazoziona ni za karne ya 19, baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Fedha za karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa ndizo zilizolipia kuta hizo. Nyumba ya Kiarabu imejifunga: ua uko katikati, vyumba vinatazama ndani, na nje unakutana na baraza na mlango mkubwa wa kuchonga. Nyumba ya duka, ambayo ni ya wafanyabiashara wa Kihindi, ina duka chini linalofunguka njiani, na familia inaishi juu, mara nyingi na roshani ya mbao. Mwenye hoteli aanze hapo: kuna ua, au kulikuwa na duka? Kwenye nyumba ya ua, hewa yote ya vyumba inapanda na kushuka kupitia ua. Ukiufunika kwa bati au kioo ili upate ukumbi wa chai, umeziba pua ya nyumba. Kwenye nyumba ya duka, hewa inapita kutoka roshani ya mbele hadi dirisha la nyuma, kwa hiyo ukuta wa bafu utakaoukatiza katikati utaleta ukungu vyumba vyote vya nyuma.

Kisha yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, na familia kadhaa zikawekwa katika nyumba moja, kila moja na chumba chake. Vyumba vikagawanywa kwa mbao na matofali, watu wakapika ghorofani, choo kilichojengewa familia moja kikabeba familia tano. Jukumu la paa halikuwa la mtu yeyote. Hali hiyo iliendelea miaka ishirini.

Katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ilifungua milango ya biashara, na mwaka 1985 Mji Mkongwe ukawekwa kuwa eneo la hifadhi chini ya Mamlaka yake. Sheria ya hifadhi ikaja 1994, na UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Gesti za familia zilichipuka katika kipindi hicho, na njia ya kawaida ilikuwa kukodisha vyumba vichache vya juu, choo cha pamoja, chai ya asubuhi darini, yaani juu kwenye paa la bapa. Faida ya mwaka mmoja ilijenga bafu la mwaka uliofuata. Ndiyo maana ukiingia hoteli hizo unaona mabafu yaliyotawanyika bila mpango: yaliongezwa moja moja.

Naomba mafundi na wanaojua nyaraka waongezee. Tuweke vipimo, tuweke sababu.

#2 MwashiMkongwe

Dada BintiKiponda umeanza vizuri. Nianze na swali ambalo wageni huuliza kila siku: kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba kama korido?

Jibu ni boriti. Dari zote zimelala juu ya magogo ya mikoko kutoka Rufiji, Lamu na mikoko ya hapa hapa visiwani. Gogo zuri lililonyooka lina urefu wa mita 2.5 hadi 3.5 hivi na unene wa sentimita 10 hadi 15. Upana wa chumba ni urefu wa boriti ukitoa sehemu inayoingia ukutani kila upande. Urefu wa chumba hauna kikomo hicho, ndiyo maana unapata chumba cha mita 3 kwa 8. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, na nyumba za zamani za kule nazo zina vyumba vyembamba vivyo hivyo.

Boriti hupangwa kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 40, juu yake yanalazwa mawe bapa ya matumbawe, kisha mchanganyiko wa chokaa na kokoto unaopondwa kwa vibao mpaka ushikane. Dari ya unene wa sentimita 30 inakaribia nusu tani kwa kila mita moja ya mraba kabla hujaweka kitanda. Na paa za bapa za zamani ni nzito zaidi, maana kila zilipovuja mtu aliongeza tabaka juu ya tabaka. Kabla ya kuamua lolote, toboa tundu dogo upime unene wa kweli.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, unene wa sentimita 50 hadi 80, na mapengo yametomewa kwa vijiwe. Ukuta huu haukujengwa uwe mgumu. Umejengwa uwe mzito, na uwe na uwezo wa kunyonya maji na kuyaachia. Chokaa ni laini kuliko jiwe, basi nyumba ikicheza kidogo ufa unapita kwenye chokaa na jiwe linabaki zima.

Sasa saruji. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta huo, unyevu unaopanda kutoka ardhini hauna pa kutokea. Unapanda juu zaidi kutafuta njia, mita moja, mita moja na nusu. Maji yale yana chumvi. Yakikauka nyuma ya lipu, chumvi inaganda, inavimba, na chokaa cha ndani kinageuka unga. Kwa macho lipu inaonekana nzima. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta. Siku itakapodondoka itashuka na mawe.

#3 Nyaraka_Kilimani

Niongeze kuhusu tarehe, kwa sababu hapo ndipo hoteli nyingi zinajidanganya bila kukusudia.

Watu husoma mlango na kudhani wamesoma nyumba. Milango ya kuchonga mingi ina maandishi kwenye kizingiti cha juu, na baadhi ina mwaka wa Hijria. Kuugeuza ni rahisi: zidisha mwaka kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mlango ulioandikwa 1290 ni wa 1873 hivi. Ulioandikwa 1305 ni wa 1887 au 1888. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa Kiomani wa zamani, na kile cha tao lenye maua mengi ni cha baadaye, chenye mkono wa mafundi wa Kihindi. Lakini milango iliuzwa, ikahamishwa, ikapelekwa hadi ng'ambo. Kagua miimo. Ikiwa fremu imeachia nafasi ukutani iliyojazwa saruji, au mfaa wa katikati umekatwa chini ili ulingane na sakafu, mlango huo ni mgeni hapo.

Ushahidi wa nyumba yenyewe uko kwingine. Linganisha kiwanja na ramani ya mji ya 1892, uone kama umbo la jengo lilikuwapo. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukiwa na jina la mtaa na majina ya waliomiliki, hata majina mawili matatu. Hati za mauziano na za wakfu hutaja mipaka kwa majirani: "kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia". Kwa hiyo ukikosa nyumba yako, tafuta ya jirani.

Ndani ya nyumba, tazama mashubaka, yaani vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu. Yaliyozibwa huacha alama ya mstatili ambao hukauka tofauti baada ya mvua. Ukuta wenye mashubaka kwa kawaida ni wa chumba cha heshima cha mwanzo. Ukuta mwembamba wa sentimita 15 usio na shubaka wala kina ni wa kugawia tu, mara nyingi wa baada ya 1964, na huo ndio unaoweza kuondolewa bila kuiumiza nyumba, ukishahakikisha hakuna boriti iliyoongezwa juu yake.

Mfano unaojulikana ni nyumba ya mfanyabiashara Tharia Topan pale Hurumzi. Yeye ndiye huyo huyo aliyegharimia zahanati ya zamani ya Barabara ya Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887. Miaka ya 1990 Emerson Skeen na Thomas Green waliigeuza nyumba ile ya Hurumzi kuwa hoteli, vyumba vikaachwa na ukubwa wake na dari ikawa mahali pa kula chakula cha jioni. Chakula cha darini na kitanda kirefu cha Kizanzibari chini ya chandarua leo ndiyo sura ya hoteli ndogo nyingi za mjini, hata za familia ambazo hazina uhusiano wowote na nyumba ile.

#4 Mtaa_wa_Sokomuhogo

Shukran kwa darasa. Kaka Mwashi, na kama ukuta wa chini tayari una saruji hadi kifuani, mtu aanzie wapi? Na chokaa kiasi gani kwa chumba kimoja? Mafundi wengi hukadiria kwa macho tu, halafu katikati ya kazi chokaa kinaisha na wanamalizia kwa saruji.

#5 MwashiMkongwe

Swali zuri, ndugu.

Kwanza tafuta mstari wa unyevu, pale rangi inapobadilika au kuchubuka. Ondoa saruji yote hadi mita moja juu ya mstari huo. Tumia tindo na nyundo ndogo, si mashine ya kutoboa, maana mtetemo unalegeza kokoto za ndani. Kwangua viungo vya mawe kwa kina cha sentimita 2 hadi 2.5, piga brashi kavu, na ile chumvi ifagie uitoe nje ya nyumba kabisa. Ukuta uachwe wazi. Kwa ukuta wa sentimita 60, wiki chache ni chache. Miezi mitatu inaanza kuwa na maana, sita ni bora. Kwa hoteli hili ni gumu, najua, ndiyo maana chumba cha chini chenye hali hiyo kifanywe stoo au ukumbi kwa muda badala ya kuuzwa kwa mgeni.

Chokaa. Jiwe la matumbawe likichomwa kwenye tanuu mpaka joto lifike nyuzi 900 hivi, kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa hai. Hiki kinazimwa kwa maji. Tia chokaa ndani ya maji, usimwage maji juu ya chokaa, maana huchemka na kurusha vipande vinavyounguza macho. Kisha kilale shimoni kimefunikwa na maji miezi mitatu au zaidi. Kisichoiva huacha punje ambazo huzimika baadaye ndani ya lipu na kuitoboa matundu kama ya ndui.

Mchanga uwe wa shimo, mkali, uliooshwa. Wa ufukweni hapana, una chumvi ile ile unayoikimbia. Maji ya kisima cha ndani nayo usiyatumie, visima vingi vya mjini ni vya maji ya chumvichumvi.

Hesabu ya chumba cha mita 3 kwa 8, kimo mita 3.5: mzunguko ni mita 22, ukizidisha kwa 3.5 unapata mita za mraba 77. Toa milango na madirisha, zibaki 70. Tabaka mbili za jumla ya milimita 20 ni mita za ujazo 1.4, na kwa kuwa ukuta wa mawe haujanyooka ongeza sehemu moja ya tano, ifike 1.7. Kwa kipimo cha chokaa 1 kwa mchanga 3, chokaa hujaza nafasi za katikati ya punje, hivyo mchanga wenyewe ndio takriban 1.7 na chokaa ni 0.57. Kwa ndoo za lita 20: mchanga ndoo 85, chokaa kilicholala ndoo 28 hadi 30. Hivyo viwe tayari kiwanjani kabla fundi hajaanza.

Lowesha ukuta jana yake na asubuhi ya kazi. Tabaka la kwanza lisizidi milimita 12. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku tano hadi saba. Likikauka haraka halikazi, linakuwa mchanga uliosimama. Rangi ni chokaa chenyewe kilichochujwa chepesi kama maziwa, mara nne au tano. Mkono mmoja mzito hupasuka na kubanduka kama ganda. Rangi ya plastiki usiiguse. Ni saruji ya pili hiyo.

#6 FundiBomba_Malindi

Mwashi amesema kuta, mimi niseme maji. Katika nyumba hizi mvua ni adui wa nusu mwaka, bafu ni adui wa kila siku.

Matumizi kwanza. Vyumba 8 vyenye wageni wawili wawili ni watu 16. Kwa lita 150 kila mmoja ni lita 2,400. Jikoni, kufua na wafanyakazi ongeza 800. Hoteli ya vyumba 8 inahitaji lita 3,200 kwa siku, na kwa kuwa bomba la mji halitoi maji kila saa, hifadhi ya siku mbili ni lita 6,400. Watu wakisikia hivyo wanapandisha simtangi la lita 5,000 darini. Lita 5,000 ni tani 5. Zimekaa mahali pamoja, juu ya boriti zenye miaka mia na zaidi ambazo tayari zimebeba nusu tani kila mita. Jengo halilalamiki siku hiyo. Linaanza kupinda taratibu, vigae vya sakafu vinapasuka mstari mmoja, mlango wa chumba cha chini yake unakataa kufunga. Hizo ndizo dalili.

Njia sahihi: tangi kubwa chini, kwenye ardhi, juu ya jukwaa lake. Juu weka la lita 1,000 tu, likalie mihimili miwili ya chuma au mbao ngumu inayovuka kutoka ukuta mnene hadi ukuta mnene, karibu na kona, ili uzito uteremke kwenye kuta na boriti zisiguswe. Pampu ya nguvu ya farasi moja inatosha kwa ghorofa tatu, na boya la umeme liizime lenyewe tangi likijaa. Tangi la juu likifurika usiku mmoja ukutani, umeharibu kazi ya mwaka.

Mabafu yapangwe moja juu ya jingine, mabomba yote yashuke kwenye njia moja inayofunguka kukaguliwa. Anzia pale choo cha asili kilipokuwa, waliojenga walishatafuta mahali pake. Bomba lisichimbiwe ndani ya ukuta. Lipite nje, likae kwenye vishikizo, ulione likivuja. Anayeona bomba la nje ni baya alipeleke nyuma ya kisanduku cha mbao chenye mlango.

Sakafu ya bafu: mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Tabaka la kuzuia maji lipande ukutani sentimita 15 pande zote, na pembeni ya bomba la mvua lipande hadi mita 1.8 au 2. Kabla ya vigae ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, uache saa 24. Nenda chumba cha chini na tochi, angalia vichwa vya boriti. Vikiwa na doa, rudia. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu mgeni wa Ijumaa ameshalipia.

Na viyoyozi! Bomba la maji la kiyoyozi likining'inia juu ya ukuta wa nje hudondosha lita kadhaa kila siku mahali pale pale. Tembea vichochoro vya Kiponda au Shangani, utaona mistari ya kijani na lipu iliyomumunyuka chini ya kila kiyoyozi. Kipande cha bomba cha mita tano kinachofika mferejini kingeuokoa ukuta mzima.

#7 Zege_na_Nondo

Kwa heshima zote kwa wakubwa, boriti za mikoko zina muda wake. Zinaliwa na mchwa, zinaoza kichwani. Kwa hoteli inayoingiza watu kila usiku, kwa nini usivunje dari ukamimina zege lenye nondo, ukamaliza?

#8 MwashiMkongwe

Ndugu Zege, hoja yako ina nusu ya ukweli, boriti huoza. Lakini huoza kichwani, ile sentimita 20 iliyozama ukutani, na huoza kwa sababu ya maji ya bafu au paa. Ukiondoa maji, boriti ya kati inabaki nzima miaka mingi. Dari ya zege inaleta matatizo mengine. Ili uikalishe lazima ukate mfereji ukutani kuzunguka chumba chote, na kwa wiki kadhaa ukuta wa chokaa unasimama bila kushikwa katikati. Boriti zilikuwa zinauvuta ukuta wa kushoto na wa kulia pamoja. Pili, zege halinyumbuki, ukuta unanyumbuka, na ufa hutokea pale vinapokutana. Tatu, chumvi ya ukuta huingia hadi kwenye nondo, chuma kinavimba kwa kutu na kulipasua zege kutoka ndani.

Kubadilisha boriti kunawezekana bila kuvunja dari. Weka nguzo za kuegemeza chini, na ubao mnene juu yake ukibana boriti tatu jirani. Toa moja tu. Safisha tundu lake pande zote mbili, ingiza mpya iliyokaushwa kivulini na kupakwa dawa ya mchwa, hasa vichwani. Kaza kwa vipande vya jiwe na chokaa, na uache nafasi ndogo ya hewa kichwani. Siku tatu baadaye ruka boriti moja, ufanye ya tatu yake, kisha urudi kwenye ulizoruka. Fundi na wasaidizi wawili huenda taratibu, lakini chumba cha pembeni kinaendelea kupokea wageni. Mikoko inalindwa, kwa hiyo nunua yenye kibali. Ikikosekana, mbao ngumu iliyopasuliwa kwa kipimo hicho hicho inafaa.

Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla ya nguzo ya kwanza. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la zamani la masultani, ilianguka 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu walipoteza maisha. Nyumba ndogo ya familia haina uzito ule, lakini ina majirani waliogusana nayo pande tatu.

#9 HesabuZaHoteli

Tusisahau umeme, maana umebadilisha hoteli hizi kuliko watu wanavyokumbuka. Unguja ilikuwa ikipata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, uliowekwa 1980. Mei 2008 ulikatika, giza la karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ilikuwa hadi Machi 2010, katikati ya msimu wa wageni. Umeme ukikosekana na pampu za maji za mji zinasimama. Waya mpya mkubwa ulikuja 2013. Jenereta nyingi unazoziona kwenye hoteli ndogo ni alama ya miezi ile, na nyingi ziliwekwa kwa haraka darini au uani.

Jenereta darini inatetemesha boriti. Uani inajaza moshi vyumba vyote, kwa sababu ile ile aliyoitaja BintiKiponda. Ikae chini upande wa njia ya nyuma, juu ya raba nene, na bomba la moshi lipande juu ya paa bila kugusa mbao.

Jingine ni moto. Nyumba hizi zina ngazi moja ya mbao. Njia ya pili ya kutokea kwa kawaida ni dari ya jirani, kwa hiyo mlango wa darini usifungwe kwa kufuli usiku, na makubaliano na jirani yaandikwe. Kizimamoto cha unga cha kilo 6 kiwe kila ghorofa, na jikoni kiwe karibu na mlango. Ukikiweka juu ya jiko, moto ukiwaka hutakifikia.

#10 WaMaskati

Nawasalimu kutoka Maskati. Huku wapo jamaa wengi wenye sehemu katika nyumba za Unguja, na hoteli za familia hufa kwa mirathi kabla ya kufa kwa mvua. Nieleze kwa hesabu.

Mwenye hoteli amefariki, ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na wazazi wake walishatangulia. Baada ya madeni na wasia, mjane ana thumuni, yaani 1/8. Zinabaki 7/8, mwana wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja, jumla mafungu saba. Kwa hiyo kila mwana wa kiume anapata 2/8 na kila binti 1/8. Mtoto anayeendesha hoteli ana robo ya nyumba, lakini anafanya kazi yote. Walioko Maskati, Dubai au London wanaona vyumba vimejaa mtandaoni na wanauliza fedha ziko wapi. Yeye anaona paa linavuja na hana idhini ya kutosha ya kutumia fedha. Miaka kumi inapita hivyo, kizazi cha pili kinakufa, warithi sita wanakuwa thelathini.

Kinachosaidia ni kutenganisha nyumba na biashara mapema, mwenyewe akiwa hai. Nyumba ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Biashara inaikodi nyumba kwa mkataba ulioandikwa. Anayesimamia analipwa mshahara kwanza, kama mfanyakazi yeyote, kisha fungu la matengenezo linatolewa, kisha kodi inagawanywa kwa mafungu. Fungu la matengenezo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa asilimia ya mapato. Likisubiri faida halitapatikana. Na kama nyumba ni ya wakfu, mpangaji ahakikishe anayetia saini ndiye mwenye mamlaka, na kila ukarabati alioufanya kwa fedha zake uandikwe kwa risiti. Bila hivyo hana cha kudai mkataba ukiisha.

#11 Mtaa_wa_Sokomuhogo

Allah awalipe. Swali la mwisho: kazi ya kuta za nje ifanywe mwezi gani? Hoteli ina nafasi Aprili na Mei tu.

#12 MwashiMkongwe

Aprili na Mei ni masika. Chokaa kibichi cha nje kitasombwa na mvua. Kaskazi ya Januari na Februari ni jua kali na upepo mkavu, kinakauka kabla ya kukaza. Wakati mzuri ni kusi, Juni hadi Agosti, ambapo ndipo wageni wamejaa. Hakuna mwezi unaozifaa kazi zote mbili, kwa hiyo igawe kazi.

Februari na Machi: paa na mifereji ya maji, kabla ya mvua. Aprili: mabafu na jaribio la saa 24, boriti, nyaya, kazi zote za ndani zenye kelele. Mwisho wa Mei mvua ikipungua: bandua saruji ya nje na ukwangue viungo. Juni: lipu ya chokaa upande mmoja tu wa nyumba, ule wa nyuma au wa kichochoro, magunia yakining'inia, wageni wakiendelea kuingia kwa mlango wa mbele. Upande wa mbele uwe wa mwaka unaofuata. Nyumba yenye pande tatu zilizo wazi itachukua misimu mitatu, na mwaka wa nne unarudi upande wa kwanza na ndoo ya chokaa chepesi.

Shimo la chokaa cha Juni lichimbwe Februari. Ukichelewa hapo, umechelewa mwaka mzima.